Wati tano kutoka kilima cha chai: redio inayosema simu zikinyamaza



Novemba 2023, mvua za El Niño zilipoujaza Mto Tana, dada yangu alikuwa Garsen na watoto wake. Siku ya kwanza tulizungumza kwa simu, akaniambia maji bado yako mbali. Siku ya pili simu iliita mara moja ikakatika. Baada ya hapo ikawa ni ile sauti ya bibi wa mashine tu, akiniambia nambari ninayopiga haipatikani kwa sasa. Siku tatu nilikaa Mombasa na simu mkononi, chaji imejaa na salio lipo, lakini hakuna wa kunijibu. Alhamdulillahi, walikuwa salama. Walikuwa wamehamia kwa jirani mwenye nyumba iliyoinuka, na mlingoti wa simu wa upande ule ulikuwa umekosa umeme. Lakini siku tatu zile sijazisahau.

Nimezikumbuka kwa sababu Agosti iliyopita nilialikwa na mwenzangu niliyesoma naye diploma ya umeme, mtu wa Konoin katika Kaunti ya Bomet. Ana shamba dogo la chai alilorithi kwa babake. Hosteli tulilala chumba kimoja, na tangu wakati ule alikuwa hawezi kuona redio iliyokufa bila kuifungua. Nilimsimulia habari ya Garsen. Akacheka kidogo, akaniambia: "Mswahili, njoo huku siku mbili. Nitakuonyesha kitu, halafu utaamua mwenyewe."

Nilikwenda. Leo nataka kukueleza nilichokiona, jinsi kinavyofanya kazi, na kwa nini nadhani sisi watu wa Pwani tunakihitaji kuliko wao.

Redio ya ridhaa ni nini

Unapotaja redio, wengi hufikiria ile ya kusikilizia taarifa ya habari na taarabu. Hiyo inapokea tu. Redio ya ridhaa inapokea na kurusha, na mwenye nayo huzungumza na mwenzake popote alipo duniani bila kupitia kampuni yoyote. Hakuna laini, hakuna bando, hakuna mlingoti katikati. Ni redio yangu, waya wangu, hewa ya Mwenyezi Mungu, waya wako na redio yako.

Inaitwa ya ridhaa kwa sababu anayeifanya halipwi, kama mchezaji wa mpira wa ridhaa. Hairuhusiwi kufanyia biashara, wala kutangazia umma, wala kuzungumza kwa mafumbo ya kuficha maana. Kila mwenye leseni hupewa alama yake ya mwito, ambayo ni jina lake hewani, na lazima aitaje anapozungumza. Alama za Kenya huanza na 5Z4. Kabla ya uhuru zilikuwa VQ4, na Zanzibar walikuwa na VQ1 yao. Leo Tanzania ni 5H, Uganda ni 5X, na Oman ni A4.

Kwa kuwa wengi wetu tuna jamaa Maskati, hili litawafurahisha: Sultan Qaboos bin Said, Mungu amrehemu, alikuwa mmoja wa watu hawa. Alama yake ilikuwa A41AA, na chama cha kifalme cha redio za ridhaa cha Oman kilianzishwa mwaka 1972. Mfalme Hussein wa Jordan naye alikuwa na yake, JY1. Kwa hiyo hii si kazi ya wahuni wala ya majasusi, kama wengine wanavyodhani. Nitalirudia jambo hilo baadaye.

Kwa nini nguvu ndogo, na kwa nini nje

Asubuhi tulitoka na mkoba mmoja wa shule, ule wa kuvaa mgongoni. Ndani mlikuwa na redio ndogo ya kiasi cha kitabu kinene, betri ya volti 12 inayolingana na ya pikipiki, waya mwembamba uliokunjwa, kebo ya antena, daftari na kalamu. Nilimuuliza mtambo wenyewe uko wapi. Akaniambia ndio huo.

Redio ile hurusha wati 5. Taa moja ya chumbani ya hizi za kisasa hula wati 5. Redio za mezani za watu wa ridhaa kwa kawaida hurusha wati 100, kwa hiyo yake ni moja juu ya ishirini. Nilidhani basi itafika moja juu ya ishirini ya umbali. Sivyo. Sikio la redio halihesabu hivyo. Kipimo cha nguvu ya sauti wanachotumia kina ngazi 9, na kila ngazi ni nguvu mara nne ya ile iliyo chini yake. Ukishuka kutoka wati 100 hadi wati 5, yule anayekusikiliza anapoteza ngazi mbili na kidogo tu. Aliyekuwa akikusikia kwa ngazi ya 8 atakusikia karibu ya 6. Bado ni mazungumzo.

Faida yake ni betri. Redio ile ikisikiliza hula nusu ampea, ikirusha hula kama ampea 2. Mwenzangu husikiliza zaidi kuliko anavyosema, kwa hiyo kwa wastani anatumia chini ya ampea 1. Betri yake ni ya ampea 7 kwa saa, na kwa kuwa betri za aina ile hazipendi kukaushwa anatumia nusu yake tu. Inampa karibu saa nne za kazi, kisha paneli ndogo ya jua inairudishia. Redio ya wati 100 ingeimaliza betri hiyo mapema sana. Wakati wa mafuriko, pasipo na umeme, tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama utaweza kuzungumza kesho.

Na kwa nini atoke nje na asikae sebuleni? Kwa sababu ya kelele. Chaja za simu, taa za bei rahisi, inveta za sola na televisheni za majirani, vyote hivyo hutoa mlio ambao sikio letu halisikii lakini redio inasikia. Mtu akiwa Majengo au Mji wa Kale, sauti dhaifu kutoka mbali huzamishwa na mlio huo. Katikati ya chai hakuna kitu. Alipowasha redio nilisikia mvumo laini kama wa bahari usiku, na ndani yake hata sauti ndogo ilisimama wazi. Mwenye wati 5 hawezi kupiga kelele, kwa hiyo lazima atafute mahali pa utulivu.

Waya, mshipi na chubwi

Hapa ndipo mtu wa Pwani nilipopata heshima kidogo.

Antena yake ni waya wa kawaida uliokatwa vipande viwili vilivyo sawa, na kebo inaungwa katikati. Urefu wake haukisiwi. Unachukua 143 unagawanya kwa masafa ya redio kwa megahezi, na jibu ni urefu wa waya wote kwa mita. Kwa megahezi 7.1, ambayo wao huiita bendi ya mita 40, inakuwa karibu mita 20, yaani mita 10 kila upande. Kwa megahezi 14.2, bendi ya mita 20, inakuwa kama mita 10 zote, yaani 5 na 5. Unaanza kwa kuukata mrefu kidogo, unapima, kisha unaupunguza. Waya ukikatwa mfupi umeharibu.

Katikati ya waya panatakiwa paninginizwe juu, na mwenzangu alikuwa amechagua mkaratusi mmoja ukingoni mwa shamba. Kule mikaratusi ni mingi, kuni zake ndizo zinazochoma tanuri za viwanda vya chai. Ili kuupandisha waya unarusha kamba nyembamba juu ya tawi. Mwenzangu alirusha jiwe lililofungwa uzi mara nne, mara nne likaanguka kando. Nikamuuliza uzi huo ni wa nini. Akasema wa kushonea magunia. Nikatoa mkobani mshipi wangu wa kuvulia na chubwi, maana sisafiri bila hivyo hata nikienda bara. Mara ya kwanza chubwi ikapita juu ya tawi na kushuka upande wa pili. Tukafunga kamba kwenye mshipi, tukavuta, waya ukapanda. Bibi mmoja aliyekuwa akichuna chai jirani alipiga makofi.

Ncha mbili za waya zilishuka pande mbili kama paa la banda, zikafungwa kwa kamba kwenye vijiti, na kati ya waya na kamba tulitia vipande vya mtungi wa plastiki ili umeme wa redio usivuje. Lazima ncha hizo ziwe juu kuliko mtu anavyofika kwa mkono. Hata kwa wati 5, anayeshika ncha ya waya wakati redio inarusha anaweza kuungua kidole, na watoto hupenda kugusa. Jambo kubwa zaidi ni kwamba huning'inizi waya popote karibu na nyaya za umeme. Si karibu nazo, si chini yake, si juu yake. Hilo halina mjadala.

Nilitoa dira kutafuta kibla. Mombasa tunaswali kuelekea kaskazini karibu moja kwa moja, kwa kuwa sisi na Makka tuko takriban katika mstari mmoja. Kule bara inabidi ukisie kidogo upande wa mashariki. Mwenzangu akaiazima dira hiyohiyo kwa kazi yake. Mombasa iko kusini mashariki ya Konoin, na waya wa aina hii hutoa nguvu zaidi kwa ubavu kuliko kwa ncha, kwa hiyo akauelekeza kutoka kaskazini mashariki hadi kusini magharibi. Akasema kwa kuwa uko chini, kama mita 6 tu juu ya ardhi, uelekeo haubadilishi mengi, lakini haigharimu kitu kuuweka sawa.

Sauti inapitia wapi

Kutoka Konoin hadi Mombasa ni kama kilomita 620 ukipiga mstari ulionyooka. Katikati kuna Msitu wa Mau, Bonde la Ufa, na nusu ya nchi. Hakuna mlingoti unaoweza kuona umbali huo. Sasa wati 5 zitapita wapi?

Zinapita juu. Mbali sana angani, kuanzia kilomita 60 hivi hadi zaidi ya 300, jua huichoma hewa nyembamba ikawa na umeme ndani yake. Sehemu hiyo huitwa ionosfia. Mawimbi ya masafa fulani yakiipiga kutoka chini huinama na kurudi ardhini, kama vile mpira unavyogonga dari ya ukumbi na kumwangukia aliye upande wa pili wa ukuta. Waya ulio chini kama ule wetu hurusha sehemu kubwa ya nguvu zake kwenda juu, kwa hiyo hurudi na kunyeshea eneo zima la mamia ya kilomita kuuzunguka. Milima haina kazi, kwa sababu sauti haipiti kando yake.

Dari hiyo hubadilika. Mchana hutokea tabaka la chini linalonyonya mawimbi marefu, kwa hiyo saa za adhuhuri bendi ya mita 40 hudhoofika na haifiki mbali sana. Usiku tabaka hilo hutoweka na bendi hiyohiyo hukupeleka nchi za mbali. Bendi ya mita 20 ni ya mchana zaidi na ya safari ndefu. Tena jua lenyewe lina msimu wake wa takriban miaka 11, madoa yake yakiongezeka mawasiliano ya mbali hunawiri, yakipungua hufifia. Mzoefu husoma hayo kama baharia anavyosoma kusi na kaskazi.

Nilimwambia mwenzangu kuwa amebahatika kukaa juu, maana nchi ile ya Kericho na Bomet iko mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Akanisahihisha. Kwa redio fupi za mkononi, zile za kuonana kilima kwa kilima, kimo ni kila kitu. Kwa hii inayopiga dari, kimo cha ardhi hakina thamani kubwa. Halafu akaniambia neno lililonikaa: "Nyinyi ndio mliobahatika. Simamisha waya wima ufukweni, karibu na maji ya chumvi. Bahari inabeba mawimbi kuliko ardhi yoyote. Mimi ningepata ufuo kama wenu nisingeuza chai."

Saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana

Alianza saa tatu asubuhi kwenye bendi ya mita 40. Kwanza alisikiliza, dakika kumi nzima, kuhakikisha hakatizi mazungumzo ya mtu. Kisha akauliza kama masafa yanatumika. Kimya. Akaanza kuita, akitaja alama yake herufi kwa herufi. Anaita, ananyamaza, anasikiliza. Robo saa ikapita. Mimi nilishaanza kufikiria chai ya maziwa iliyotungoja nyumbani.

Ndipo sauti ikaja, nyembamba lakini maneno yote yakisikika. Alikuwa mwenye leseni wa Nairobi, kama kilomita 190 kutoka tulipokaa, ng'ambo ya Mau na Bonde la Ufa. Walipeana ripoti. Wao hutoa nambari mbili, ya kwanza ni uwazi wa maneno kuanzia 1 hadi 5, ya pili ni nguvu kuanzia 1 hadi 9. Sisi tulipewa 4 na 5. Kwa wati 5 na waya uliotundikwa kwa chubwi, mwenzangu aliridhika. Mtu yule aliuliza hali ya mvua Bomet, akapewa, akaandika. Mazungumzo yalichukua dakika nne, yakaandikwa daftarini kwa saa na tarehe.

Mimi sikugusa kitufe cha kusemea. Sina leseni, na mwenzangu hakunipa nafasi ya kuomba.

Kabla hajabadilisha bendi nilimwambia aite Mombasa. Akaita. "Kituo chochote cha Mombasa, Kilifi, Lamu au Kwale." Akasikiliza. Akaita tena, mara sita kwa robo saa. Hakujibu mtu.

Sisemi Pwani nzima haina mtu wa kazi hii. Huenda wapo na saa ile walikuwa kazini au sokoni. Lakini ule mvumo mtupu nilioutegea sikio ulinirudisha Novemba 2023. Njia ilikuwepo, dari ilikuwa wazi, redio ilikuwa hai. Upande wa kwetu haukuwa na sikio.

Adhuhuri alihamia bendi ya mita 20 na kutumia Morse, zile nukta na vistari, kwa sababu hupenya pale sauti ya mtu isipopenya. Akajibiwa na mtu wa karibu na Johannesburg, kama kilomita 2,900. Wati tano, ndugu yangu, nguvu za taa ya chumbani.

Mvua ya Kericho haina mzaha

Saa saba na nusu mawingu yalianza kujikusanya. Nchi ile ina tabia yake: upepo wa Ziwa Victoria unapanda kukutana na ule wa mashariki juu ya nyanda, na mchana hugeuka mvua, mara nyingi na radi na mawe. Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazojulikana kwa wingi wa siku za mvua ya mawe, hata katika miaka ya 1960 walijaribu kuyavunja mawingu kwa roketi ili kuokoa chai. Hapo ndipo nilipomwona mwenzangu, ambaye hafanyi haraka kwa jambo lolote, akikimbia.

Kanuni yake ni fupi. Ukisikia ngurumo ya kwanza, hata iwe mbali, umeshachelewa kuwa kazini. Chomoa kebo kwenye redio, shusha waya, ondoka chini ya mti. Usimalize sentensi. Waya ulio juu ya mti mrefu mlimani ni mwaliko kwa radi, na hakuna fyuzi ya kukukinga nayo. Ndiyo maana yeye hufanya kazi asubuhi na kufunga mapema. Mambo mengine ni madogo lakini yanaharibu siku: maji yakiingia kwenye kichwa cha kebo nguvu hupotea, kwa hiyo anakifunga kwa utepe. Waya haulazwi juu ya majani ya chai yaliyolowa. Na hupiti katikati ya michai ya watu kama unavyotaka, kuna vijia vyake, maana tawi linalovunjwa ni mfuko wa mtu.

Tulifika nyumbani mvua ikimwagika kwa fujo. Mama mwenye nyumba alitukaribisha kwa chai na kibuyu cha mursik. Mursik nilionja. Chai niliimaliza birika.

Kofia, ndevu na waya juu ya mti

Sasa nirudi kwa lile nililoahidi. Kabla hatujatundika chochote, mwenzangu alipita kwa naibu wa chifu kumjulisha. Hata hivyo kijana wa bodaboda alisimama akauliza kama tunaleta intaneti ya bure, na baada yake mzee mmoja akauliza kwa ukali kidogo ile ni ya nini. Mwenzangu akatoa leseni mfukoni, amesha itia plastiki, akaeleza kwa Kikipsigis. Mzee akasoma, akatikisa kichwa, akakaa kusikiliza.

Nilijiuliza swali ambalo kila msomaji wangu amekwishajiuliza. Ningekuwa mimi, kofia kichwani na ndevu kidevuni, nimetundika waya juu ya mnazi kule Kipini na kuanza kupiga nukta na vistari, ningeulizwa kwa upole hivyo? Tunaijua Pwani yetu. Vijana wamewahi kusumbuliwa kwa mambo madogo kuliko hayo.

Lakini jibu si kuogopa. Jibu ni kutangulia na karatasi. Redio hizi Kenya husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, na kurusha bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998. Redio yenyewe nayo inahitaji kibali kabla ya kuingizwa nchini, usiiagize kwanza halafu ukaanza kuuliza. Kanuni za kimataifa zinataka serikali ihakikishe mwombaji anajua anachofanya, kwa hiyo itabidi usome: umeme kidogo, mawimbi, adabu za hewani. Kipo Chama cha Redio za Ridhaa cha Kenya, kinachojulikana kwa herufi ARSK, ambacho huwaelekeza wanaoanza. Na kumbuka nilivyosema mwanzo: mafumbo yamekatazwa, alama yako unaitaja, na yeyote mwenye redio anaweza kukusikia. Hakuna mazungumzo ya wazi zaidi ya hayo. Mwenye leseni amejiandikisha kwa serikali kwa hiari yake. Kusikiliza ndiko pa kuanzia, na daftari ndilo rafiki wa kwanza.

Kwa nini Pwani

Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilipopiga visiwa vya Andaman vya India, kundi la watu wa redio za ridhaa likiongozwa na Bharathi Prasad lilikuwa Port Blair kwa shughuli zao za hewani, na alama yao ilikuwa VU4RBI. Simu zilikatika. Waliokwenda kwa ajili ya burudani wakageuka njia ya visiwa kuwasiliana na bara, wakipeleka majina ya walio hai kwa jamaa zao. Mawimbi ya siku ile yalivuka bahari hadi ufukwe wetu. Kwetu yalifika yamepungua nguvu, kwa rehema za Mungu.

Sisi tuna Lamu na visiwa vyake, tuna delta ya Tana inayofurika, tuna vijiji ambavyo mlingoti mmoja ukizimika vinapotea kwenye ramani. Nisieleweke vibaya. Mvuvi anayetoka baharini anahitaji redio ya bahari yenye chaneli 16, ambayo ni leseni nyingine na ndiyo inayosikilizwa na meli na waokoaji. Redio ya ridhaa haichukui nafasi hiyo, wala ya Msalaba Mwekundu, wala ya serikali. Ni njia ya pembeni, inayobaki wazi zile kuu zinapofungwa, ilimradi pawepo mtu anayejua kuipita kabla ya siku ya dhiki.

Gharama ipo. Redio ya kusema kwa sauti, ikiwa mpya, ni ghali. Lakini vipo vifaa vya Morse pekee vya kuunganisha mwenyewe, vya chini ya dola 100 za Marekani kabla ya usafiri na ushuru, na mafundi wa kulehemu hatukosi. Chuo kimoja cha ufundi, shule moja yenye maabara ya fizikia, au msikiti mmoja wenye vijana wanaopenda umeme, wakinunua kimoja kwa pamoja na kumsomesha mmoja wao hadi apate leseni, tayari tuna sikio. Garsen mmoja, Lamu mmoja, Mombasa mmoja. Si lazima wawe mia.

Mwenzangu amenipa nakala ya vitabu vyake na ameniahidi kuniuliza maswali kila Jumapili kwa simu, maadamu simu zipo. Nimekwishajifunza herufi kumi na moja za Morse. Dada yangu ananicheka, anasema mtu wa umri wangu anagonga meza kama fundi wa ngoma. Nimemwambia mkubwa wa watoto wake, aliye kidato cha tatu, aanze kusoma pamoja nami.

Inshaallah siku moja mtu atakaa chini ya mkaratusi Konoin, ataita Pwani, na kutajibiwa.